Tarjumani Aliyeanza na Magoti

Mtu aliyenifundisha kushukuru ndiye mtu niliyemtendea ubaya kuliko binadamu yeyote. Nalisema mapema, msije mkaanza kunisifu katikati ya habari halafu mkaona haya. Alikuwa tarjumani wa ofisi yetu pale Garissa, miaka ile ya vita vya mashifta, wale waasi wa porini. Mimi nilikuwa karani, Mtaita wa Wundanyi, kijana wa misheni, kaptula imepigwa pasi na kichwa kimejaa upepo. Jina lake nalijua, lakini silitaji. Limeshachafuliwa vya kutosha na mdomo huu huu unaosema nanyi.

Ofisini aliitwa Tarjumani tu. Mimi nilimwita Adeer, yaani ami, kama Wasomali wanavyomwita mtu mzima wa kuheshimiwa. Naye aliniita Adeer vilevile, kwa sababu kwao neno hilo hurudishwa: mzee humwita kijana kwa jina lile lile analoitwa yeye. Ilinichukua mwezi mzima kuelewa kwamba hanidhihaki.

Alikuwa mrefu, mwembamba, ndevu zimepakwa hina, mswaki wa mti haubanduki mdomoni. Koti la serikali alilivaa hata joto likiwa la kukaanga mayai juu ya bati. Na viatu! Vumbi la Garissa huingia mpaka ndani ya sanduku lililofungwa, lakini juu ya viatu vya Tarjumani halikutua. Akikaa kidogo huinama na kuvifuta kwa ncha ya kitambaa, huku anaendelea kutafsiri kesi ya mbuzi walioibwa, hapotezi neno.

Kiswahili chake kilikuwa cha kwao. Vikombe vilikuwa "fikombe", na polepole ilikuwa "bole bole". Sitayaandika maneno yake yote kwa matamshi hayo, maana nitaonekana namcheka, na haki ya kumcheka niliipoteza zamani. Lakini sarufi yake nitaiacha alivyoizungumza. Alikuwa akisema kweli kwa sarufi mbovu, na mimi nilidanganya kwa sarufi safi.

Kila asubuhi, kabla dirisha la ofisi halijafunguliwa, alizunguka nyuma ya jengo, akavua viatu, akavipanga sambamba, akakaa juu ya kasha tupu la sabuni na kufumba macho. Swala ya alfajiri alikuwa ameshaiswali kwake. Hii haikuwa swala. Tasbihi hakuishika, wala midomo haikucheza. Alikaa muda wa sufuria ya chai kuchemka, kisha akavaa viatu, akaingia kazini. Askari wa lango walisema mzee anamalizia usingizi. Mimi nilidhani anatega sikio kusikiliza habari za porini. Ujana na ujinga ni mapacha.

Siku moja nikamuuliza, Adeer, unafanya nini pale?

"Nakaa," akasema.

"Unakaa tu?"

"Naanza na magoti. Goti hii imekunja, imekunjuka, alhamdulillah. Halafu pumzi. Halafu maji nimekunywa leo. Halafu ile mama ameteka maji mtoni. Halafu punda ya ile mama."

"Hata punda?"

"Punda nachukia, wallahi. Mnyama hana adabu. Lakini maji yake nimekunywa. Nitanyamaza?"

Alinieleza kwamba kila kitu kina pumzi yake moja, na huruhusiwi kuruka wala kukimbia. Ukisema asante kwa mambo kumi kwa mkupuo, umepiga kelele tu. Na mwisho wa yote anakuja mtu mmoja, yule uliyemkasirikia kuliko wote siku hiyo. "Huyo natafuta kwake kitu moja ya kushukuru. Moja tu. Nikikosa, sitoki kwa kasha." Nikamwuliza faida yake nini. Akacheka, mswaki ukamtoka mdomoni. "Mtu umeshukuru juu yake asubuhi, mchana huwezi kumpiga teke. Mguu inakataa."

Msidhani alikuwa malaika. Wasomali walikuwa na mchezo wao wa vijiwe, wanachora mistari mchangani na kulana kete, na humo Tarjumani aliiba mchana kweupe. Ukimkamata, anaapa kwamba upepo ndio umesogeza kijiwe. Ugali aliuita chakula ya kuku, mbele yangu, nami natafuna. Asubuhi alimshukuru mkewe kwa pumzi nzima, adhuhuri wakawa wanagombana mpaka majirani wanatoka nje kusikiliza vizuri. Nilipomkumbusha kasha lake la sabuni alisema, "Kama sikai pale, ungesikia mbaya zaidi."

Tena alikuwa na kazi yake, na kazi yake ilikuwa chungu. Wafugaji waliletwa wakaulizwa habari za ndugu zao walioko porini, na maswali yote yalipita kinywani mwake, na vitisho vyote pia. Watu wake walimwona mtu wa serikali. Serikali ilimwona Msomali. Mimi nilimwona mara nyingi akitafsiri tusi neno kwa neno kwa mzee wa umri wa baba yake, macho chini, sauti bapa. Nikamuuliza anawezaje. "Gunia haichagui unga ama mchanga," alisema. Kesho yake alikaa kwenye kasha muda wa sufuria tatu.

Lakini ustadi wake hasa niliuona kwenye vibali. Wakati ule watu walikuwa wameswagwa ndani ya vijiji vya seng'enge, na mtu akitaka kupeleka ngamia majini lazima aje dirishani kwangu achukue karatasi. Karatasi ilitaja watu wangapi wanatoka. Doria ikikuta mtu mmoja zaidi ya idadi, huyo ni shifta, hakuna maelezo. Sasa, mfugaji wa kule hahesabu kitu chenye uhai kilicho chake. Mtoto hahesabiwi, ngamia hahesabiwi, ndugu hawahesabiwi. Ukiwahesabu umewaitia jicho baya. Umuulize mzee ana vijana wangapi, atainua viganja juu aseme Mungu ndiye ajuaye. Maofisa kutoka bara walisema hawa watu ni waongo, wanaficha.

Tarjumani hakumuuliza mtu idadi hata siku moja. Kwanza alisalimia: kuna amani, mvua iko, malisho yako, wazee wazima. Hilo peke yake lilikula dakika, mimi kalamu inanikauka mkononi. Kisha, kana kwamba limemjia tu, aliuliza: "Mkipumzika njiani kwa chai, vikombe ngapi inalowa?" Mzee anajibu bila wasiwasi, maana kikombe hakina roho. Tarjumani ananigeukia: "Fikombe fitano, Adeer. Andika tano." Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyekamatwa kwa karatasi aliyoiuliza yeye.

Na mimi aliniokoa. Hilo lazima niliseme, ndipo muone uzito wa lile lijalo.

Dereva wetu, Mkamba mmoja mcheshi aliyekuwa akilala chumba kimoja nami, aliuawa barabarani gari lake lilipovamiwa. Nilirudi kazini nina chuki ya kupaka mkate. Nililifungua dirisha kwa kuchelewa, nikalifunga mapema, nikawaacha akina mama juani nikinywa chai ya pili kwa makusudi. Nilifurahi kuwaona wakihema. Tarjumani aliniangalia siku tatu. Ya nne akanishika mkono kama mtoto, akanipeleka nyuma ya ofisi. "Vua viatu."

"Mimi Mkristo, Adeer."

"Mkristo hana magoti?"

Nikakaa. Nilianza na magoti, nikaenda kwenye pumzi, nikaenda kwenye maji. Nilipofika kwa dereva machozi yalinitoka, nikamshukuru Mungu kwa vichekesho vyake vya kipuuzi. Ndipo akasema, "Sasa hao unawachukia. Tafuta kitu moja." Nikasema hakuna. "Kaa." Jua likanipata pale. Mwisho nikamkumbuka mwanamke wa sokoni, ambaye siku zangu za mwanzo aliniona nachechemea, akauweka mguu wangu mapajani pake, akanitoa mwiba kwa sindano, akaenda zake bila neno. Wala uso wake nilikuwa siukumbuki. Nilikumbuka mikono tu.

Tangu hapo nilikaa naye kila asubuhi, yeye kwenye kasha, mimi kwenye jiwe. Sijisifu, lakini dirisha lilifunguliwa mapema. Nilijifunza kusalimia. Nilipomwona mtoto juani nilimwita kivulini, na mkono wangu ulifanya hivyo kabla kichwa hakijaamua. Mguu inakataa, alisema mzee, na kweli ulikuwa unakataa. Nilikuwa mtu mwema kwa muda wa miezi minane hivi.

Halafu akaja ofisa mpya, mtu wa mbio. Akaiona foleni, akaniuliza mbele ya watu kama mimi ni karani au ni mkunga, maana nangoja ngoja tu. Kesho asikute foleni. Nikaona aibu, na aibu ya kijana ni kitu cha hatari.

Asubuhi iliyofuata nilipita kando ya kasha, Tarjumani kakaa, kafumba macho. Sikukaa. Nikafungua dirisha. Wa kwanza alikuwa mzee wa ngamia pamoja na mwanawe. Ningeweza kungoja. Sufuria ya chai ilikuwa haijachemka, na mtu niliyemhitaji alikuwa hatua ishirini kutoka kwangu. Nikajiambia, aa, kazi hii nimeshaijua. Nikauliza wangapi. Mzee akainua viganja juu. Nikamwonyesha kidole yeye, nikamwonyesha mwanawe, nikainua vidole viwili na kutabasamu. Naye, maskini, kwa kuniona natabasamu, akatabasamu. Akaitikia kwa kichwa, haa, haa, yaani ndiyo, ndiyo. Nikaandika wawili, nikagonga muhuri. Wa tatu wao, kijana wa dada yake, alikuwa ng'ambo ya lango akichunga ngamia.

Doria iliwakuta karibu na mto. Wanaume watatu, karatasi ya wawili. Kijana yule wa tatu akachukuliwa.

Mzee alirudi ofisini siku ya pili, midomo imepasuka kwa kiu, akasimama mlangoni. Ofisa akatuita mimi na Tarjumani. Sasa sikilizeni vizuri, maana jambo lenyewe ni jepesi kuelewa, nami nililielewa palepale. Kama ni kosa la karani, kalamu inasahihisha karatasi na kijana anatoka kabla ya adhuhuri. Kama ni tarjumani Msomali aliyemficha mtu, basi huyo kijana ni shifta kweli, atabaki ndani.

"Nani alisema wawili?" akauliza ofisa.

Nikamwona baba yangu kule Wundanyi, anavyowaambia watu kanisani mwanangu yuko serikalini. Nikasema, "Tarjumani, bwana. Niliandika alivyoniambia."

Ulimi hauna mfupa. Lilitoka laini kabisa.

Tarjumani alinitazama. Angeweza kusema hakuwepo chumbani. Askari wa lango walimwona kwenye kasha. Lakini mwaka ule nani angechukua neno la Msomali akaacha la karani wa bara? Akamgeukia ofisa. "Bwana, kijana ni mtoto ya dada ya huyu mzee. Namjua tangu mdogo. Kosa weka juu yangu. Yeye mwachie." Ofisa aliikubali nusu ya kwanza, akaikataa ya pili. Koti la serikali lilivuliwa palepale, na mikono yake ilipotoka kwenye mikono ya koti niliona jinsi ilivyokuwa myembamba. Kijana alikaa ndani mpaka masika yakapita. Alipotoka, sikio moja lilikuwa limekufa.

Yule mzee hakujua Kiswahili. Alisimama pale akasikia yote na asielewe, halafu askari mmoja akamweleza kwa kifupi: Tarjumani amekiri. Dirishani asubuhi ile hakumwona, lakini akaamini kwamba aliniagiza kabla. Kijiji kizima kikajua kwamba Tarjumani alimfuta kijana wao kwenye karatasi. Wakaacha kumsalimia. Kwa watu ambao salamu yao ni kuulizana amani, kutoulizwa ni kufukiwa mzima.

Na mimi? Nilibaki. Tena nikapandishwa cheo. Kila siku nilisema kesho nitaongea, na kesho ikanizoea. Kwenye jiwe langu sikukaa tena, maana nilijua mwisho wa kukaa kule ni nani angenijia.

Vita vikaisha, barua ya uhamisho ikaja: Voi. Siku moja kabla ya lori langu kuondoka nikapiga moyo konde, nikaenda kumtafuta. Nilimkuta ukingoni mwa mto, miguu peku, anawapakia punda wawili maji ya kuuza. Punda! Nikasimama.

"Nabad, Adeer," akasema yeye kwanza, yaani amani. Aliniita Adeer bado.

"Nimekuja kuomba radhi."

Akafunga kamba, akaijaribu kama imekaza. "Najua. Kila asubuhi wa mwisho ni wewe. Siku ingine napata kitu ya kushukuru upesi. Ulijifunza kusalimia mama wazee, nashukuru hiyo. Siku ingine nakaa mpaka jua inanichoma, sipati."

Nikalia. Sioni haya kulisema hilo, katika yote niliyonayo ya kuonea haya. Akaningoja nimalize.

"Radhi yangu ilishakuja, kipande kipande," akasema. "Lakini yule mzee hajui kitu. Twende umwambie."

Nilitamani kusema lori linangoja. Lori lilikuwa la kesho. Tukaenda, punda mbele.

Mzee wa ngamia alikuwa mbele ya nyumba yake, na yule kijana kando yake, kichwa amekigeuza upande ili sikio zima litusikie. Mimi nilikaribishwa. Mgeni ni mgeni: nikatandikiwa mkeka, nikaletewa maziwa ya ngamia, yananukia moshi wa chombo. Tarjumani hakusalimiwa, wala hakuoneshwa pa kukaa. Akasimama.

Nikafungua mdomo, ndipo nikaona jambo ambalo njia nzima sikuliwaza. Karibu miaka minne nimekaa mji ule, na Kisomali changu hakikuvuka salamu. Maneno yangu yangebebwa na nani? Na yeye.

Nikasema kwa Kiswahili, naye akatafsiri, macho chini, sauti bapa, kama ofisini. Sikukijua Kisomali, lakini nilijua kazi yake: niliposema mimi, naye husema mimi. Mimi ndiye niliyeandika wawili. Tarjumani hakuwepo. Mimi nilisema uongo, na mpwa wako akaumia. Mambo hayo yote yalitoka kinywani mwake, na waliokuwa wakimtazama walimwona yeye ndiye anayeyasema.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akanitazama mimi, akamtazama yeye, akasema maneno machache. Kijana akacheka kidogo, kwa pua.

"Amesemaje?"

Tarjumani akatafsiri, hakupunguza. "Ananiuliza mimi: huyu mtoto ya bara umempa nini, aje kusema maneno yako?"

"Mwambie si kweli! Mwambie naapa!"

Akamwambia. Mzee akajibu tena, safari hii ananikazia macho mimi.

"Anasema: haya, tuseme ni kweli. Mwezi ile yote kijana yake iko ndani, mdomo yako ilikuwa wapi?"

Nilikishika kile chombo cha maziwa kwa mikono miwili. Nilitafuta. Niliogopa kufukuzwa kazi, ningesema hivyo, na mwenzao alipoteza sikio. Baba yangu, ningesema, na huyu hapa ni baba.

"Jibu, Adeer," Tarjumani akasema taratibu. "Nangoja nikutafsirie."

Wakangoja wote watatu. Sikupata kitu. Mwishowe Tarjumani akamgeukia mzee akasema neno moja, nalo kwa bahati mbaya nililijua, maana nililisikia kila siku dirishani. Wahba. Hakuna kitu.

Tulirudi mpaka njia panda. Pale nikamshika mkono nikasema, "Adeer, nisamehe tena, kwa hili la leo."

Akautoa mkono wake. "Kesho asubuhi nitakaa, inshallah, na nitakutafuta," akasema. "Leo niache nikasirike."

Akawachapa punda, akashika njia ya mjini. Nami nikaenda kufunga sanduku langu.